Chaki ya Kushikia Kijiti cha Asali

Dukani niliomba chaki, nikapewa boksi la chaki za ubaoni. Kijana wa kaunta aliitazama mikono yangu iliyojaa vumbi la mninga, nadhani akaamua kwamba mimi ni mwalimu wa ufundi. Nikachukua kalamu nikamchorea nyuma ya risiti: duara, mataya manne yakielekea katikati, tundu lenye nyuzi upande wa nyuma. "Aaa, kile kichwa cha drili!" Karibu. Sicho, lakini karibu. Siku ile nilizunguka maduka ya vifaa ya Tabora mjini mpaka adhuhuri, na jioni nikarudi Ng'ambo na boksi moja la chaki za rangi. Bado ninazo. Ya njano inaonekana vizuri juu ya mbao nyeusi.

Kwa hiyo humu nikisema chaki, namaanisha ile nyingine: kishikio cha chuma kinachofungwa kwenye mhimili wa mashine ya kukereza, kinachoshika kipande cha mti na kuzunguka nacho huku patasi ikikisubiri. Kukereza kwenyewe ni kazi ya zamani, umeme umeikuta. Wazee wa pwani walikereza miguu ya samadari wakati nguzo ya umeme haijachimbiwa shimo popote. Chaki ndiyo mgeni, na mgeni huyu ameninyima usingizi kwa wiki nyingi.

Mimi ni seremala wa viti na vitanda. Mashine yangu niliinunua mkono wa pili, kitanda chake, yaani ule mwili wa chini unaobeba vichwa vyake, ni cha chuma cha kusubu, mota yake inanguruma kama trekta la tumbaku, na kwa miaka yote niliyokaa nayo nilikereza vitu vinene tu: miguu ya meza, nguzo za vitanda, mchi mmojammoja. Mti mnene unasamehe. Unauweka kati ya senta mbili, yaani ncha za chuma zinazoushikilia huku na huku, ile ya meno kichwa cha mbele na ile ya kuzunguka kichwa cha nyuma, unakaza gurudumu la nyuma mpaka mkono ugome, unaanza kuula kwa patasi. Ukikosea, umekosea milimita mbili kwenye kitu cha milimita sabini. Nani atajua?

Halafu akaja mama mmoja wa Ipuli anayefungasha asali. Alinisalimia "Mwangaluka!" kwa sauti ya kushinda mota, nikazima.

"Fundi, naomba unitengenezee vijiti vya kuchotea asali. Vile vyenye kichwa cha mifereji."

"Vingapi, mama?"

"Mia mbili kwa kuanzia. Asali itoke Sikonge, chupa itoke Dar es Salaam, halafu na kijiti nacho tuagize nje? Mbao zote hizi?"

Alikuwa na mfano mkononi. Mpini mwembamba kama penseli, urefu sentimita kumi na sita, na mwishoni kichwa kama kimzinga kidogo kilichokatwa mifereji saba ya mviringo. Ukikichovya kwenye asali na kukitoa huku unakizungusha vidoleni, asali inabaki imejikunja kwenye mifereji, haidondoki hata tone. Ukiacha kuzungusha tu, inashuka uzi mmoja. Nilicheza nacho pale kama mtoto, nikamwambia Jumamosi ya wiki ijayo uje uchukue. Ule ulikuwa ujinga.

Kijiti cha kwanza nilikiweka kati ya senta mbili kama mguu wa meza. Kipande cha mraba, milimita 26 kila upande. Kikawa duara bila taabu. Kichwa kikatoka. Nikaanza kuula mpini, kutoka 24 kwenda 15, sawa. Kwenda 12, kikaanza kuimba. Si mlio wa patasi butu, huo naujua. Huu ulikuwa mlio wa juu, kama nyuki aliyenaswa kwenye chupa, na nilipozima mashine nikaona mpini mzima umejaa mistari ya kuzunguka, imepangana kama gamba la nyoka. Nikanoa patasi. Nikarudia. Kilipofika milimita 10 kikatoka kwenye senta kikiwa vipande viwili, kimoja nikakikuta chini ya mwembe wa jirani.

Vinne vya kwanza vyote viliishia hivyo. Cha tano nikakipeleka kwa mzee.

Mzee huyu anakaa mitaa miwili kutoka kwangu. Ujana wake aliumaliza kwenye karakana ya reli, na ingawa hakerezi tena chuma siku hizi, ana mashine ndogo ya mbao uani, chini ya bati. Nikamwamkia, akaitika, akakichukua kile kijiti kilichovunjika akakipitisha chini ya pua kama anayenusa samaki.

"Unakikandamiza, mwanangu."

"Patasi ni kali, mzee."

"Sisemi patasi. Nyuma. Unakaza nyuma."

Akang'oa chelewa moja kwenye fagio. Akaisimamisha kati ya vidole viwili, akaibana. Ikabinuka. Kwa kidole cha mkono mwingine akaigusa katikati, ikabinuka zaidi, ikamtoka. Akachukua nyingine, safari hii mwisho mmoja akaufumbata kwenye ngumi yote, mwisho wa pili akauacha umeegemea tu ncha ya kidole. Akaniambia niiguse katikati. Niligusa. Ilitikisika kidogo ikarudi.

"Huku ukuta," akasema akionyesha ngumi, "huku rafiki tu."

Nilipofika nyumbani nilifukua daftari langu la chuo nikaona kwamba chelewa ya mzee ina hesabu zake. Ugumu wa kijiti cha duara dhidi ya kupinda unafuata kipenyo kwa kipeo cha nne. Maana yake ukikipunguza kijiti kutoka milimita 20 hadi 10, hakiwi nusu ya ugumu wake. Kinakuwa sehemu moja ya kumi na sita. Urefu nao unaadhibu: ukiuongeza mara mbili, kwa msukumo uleule kinapinda mara nane. Sasa njoo kwenye mshiko. Kijiti kilichokaa kati ya senta mbili ni kama ubao uliolazwa juu ya mawe mawili, ncha zake ziko huru kuinama. Ukiifunga ncha moja isiweze kuinama kabisa, yaani ukaichimbia ukutani, na nyingine ukaiacha kwenye senta, basi ukikisukuma katikati kinapinda chini ya nusu ya pale mwanzo. Ukizifunga ncha zote mbili, kinapinda robo. Mti uleule, patasi ileile. Na lile gurudumu la nyuma nililokuwa nalikaza kwa moyo wote lilikuwa linafanya kazi ya yule anayeikalia bakora mpaka ibinuke.

Kwa hiyo nilihitaji ukuta. Ndipo nikaenda dukani kuomba chaki, na mengine mnayajua.

Niliyoipata hatimaye ilitoka Dar es Salaam kwa basi, kwa muuzaji wa mtandaoni ambaye sitamtaja. Picha ilikuwa nzuri sana. Chaki ya inchi nne, mataya manne, inang'aa, na maelezo yalisifia nguvu ya kubana. Nikalipa pesa ambayo mnadani ningerudi na mbuzi wawili na kuku wa kitoweo. Boksi lilipofika nikalifungua mbele ya vijana wangu wawili kwa sherehe kidogo, nikaipeleka kwenye mhimili, ikazunguka nusu mzunguko, ikagoma. Mhimili wangu ni wa inchi moja, yaani milimita 25.4, wenye nyuzi 8 kwa kila inchi. Chaki ilikuwa imetobolewa kwa mhimili wa milimita 33 wenye nyuzi zinazopishana kwa milimita 3.5. Haikugoma kwa kubana, iligoma kwa kupwaya! Ilining'inia pale kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto.

Nilikuwa nimemwandikia ukubwa wa mhimili mara mbili. Alijibu "haina shida boss". Nilipompigia akasema ninunue kipete cha kupunguza. Nikanunua, nikakifunga, na hapo nikajifunza ambalo hakuna aliyeniambia: kila kipande unachokiongeza kati ya mhimili na mti kinausogeza mti mbali na beringi na kinaongeza myumbo wake, yaani kuzunguka nje ya katikati. Kwa mguu wa meza hutauona. Kwa kijiti cha milimita 8 utausikia. Kabla ya kuangalia picha, bei, au idadi ya mataya, vua kilichopo kwenye mhimili wako, upime unene kwa kalipa, hesabu nyuzi, uandike ukutani kwa chaki ya njano.

Lakini kosa la nyuzi lilikuwa dogo kuliko kosa la kuchagua aina yenyewe. Chaki ya mataya manne ni kitu kizuri, sitaki nieleweke vibaya. Ndani yake kuna sahani yenye mfereji uliojikunja kama ganda la konokono. Ukizungusha ufunguo, sahani inazunguka na mataya yote manne yanasogea katikati kwa pamoja, kwa hiyo kitu chenyewe kinajipata katikati bila wewe kupimapima. Inashika duara na inashika mraba, jambo ambalo ile ya mataya matatu ya mafundi chuma haiwezi. Ila mataya yanayokuja nayo yamekatwa kutoka pete moja ya chuma. Yanakaa sawasawa, uso kwa uso, kwenye kipenyo kimoja tu, na kwa chaki ya ukubwa huu ni jirani na milimita 50. Yakifunga mpaka yagusane bado katikati kunabaki tundu ambalo kijiti changu cha 24 kinapita bila kugusa pembeni. Nguvu yote ile ya kubana niliyosifiwa, na hakuna cha kubana.

Kuna mataya madogo yenye mdomo mrefu ya kufunga badala ya yale. Niliyaagiza (basi lingine, wiki nyingine, mama wa asali akipiga simu). Yalishika. Na hapo likaja la tatu.

Ukikereza kitu chembamba, mkono wa kulia unashika mpini wa patasi na mkono wa kushoto unazunguka nyuma ya mti. Kidole gumba juu ya patasi, vidole vingine nyuma ya mti vikiusindikiza, visiuachie ukimbie makali. Ndiyo siri ya wakerezaji wote wa vitu vyembamba, na kadiri unavyokaribia mshiko ndivyo mkono unavyokaribia chaki. Sasa mataya manne yakizunguka mara 2,000 kwa dakika hayaonekani. Unaona ukungu wa kijivu tu. Pembe zake ziko ndani ya ukungu huo. Mimi nilizikuta kwa kifundo cha kidole cha shahada, mara moja, pa! Hakuna kilichovunjika. Nilisimama nje nikiwa nimeushika mkono, treni ya Kigoma ikapiga honi kule stesheni, nikakumbuka nilivyokuwa naringa na kile kitu kilipotoka kwenye boksi.

Kuhusu vifundo vya vidole siko peke yangu. Mmarekani Arthur Jacobs, aliyesajili chaki ya drili tunayoijua wote, ile yenye mataya matatu na ufunguo wa meno, mwaka 1902, inasimuliwa kwamba alianza kuiwaza baada ya kuchubua vifundo kwenye chaki ya zamani ya kukazwa kwa spana. Basi nikajaribu na yake. Ninayo ya kubana mpaka milimita 13, ina shina la tepa, yaani lililochongoka kidogokidogo, la Morse namba 2, linaloingia moja kwa moja kwenye tundu la mhimili. Watu wengi hujaribu hii kwanza kwa sababu tayari wanayo ya kutobolea, na kwa vitu vifupi sana si mbaya. Lakini tepa ile, ambayo Stephen Morse aliibuni Marekani miaka ya 1860, inashika kwa msuguano tu, na msuguano wake unategemea kusukumwa. Ukitoboa, unaisukuma muda wote, haitoki. Ukikereza, patasi inaigonga kwa ubavu, inatikisika, inatikisika, halafu inajiachia na chaki nzima ya chuma inakuangukia mapajani ikiwa inazunguka. Kama ni lazima, pitisha bolti ndefu kutoka nyuma ya mhimili uivute. Bila bolti hiyo, usiiwashe. Na hata ukiivuta, mataya yake matatu ni membamba, yanauma mti mahali patatu na kuacha makovu.

Wakati huo nilikuwa nimeshapitisha Jumamosi tatu za ahadi. Nilimpelekea mama vijiti kumi na vinane vya kumtuliza. Alivitazama kimoja kimoja akavigawa mafungu mawili, la kwanza likiwa dogo sana.

Mzee alikuja mwenyewe siku moja kuangalia tunavyohangaika. Hakusema kitu kuhusu chaki yangu. Alichukua kibanzi cha mkora kilichokuwa kinangoja kuwa kuni, ukubwa wa ngumi, akanitaka nikifunge kwenye sahani ya mashine kwa skrubu nne. Nikakifunga. Akakikereza duara, akakitoboa katikati kwa drili kutoka kichwa cha nyuma, kisha kwa ncha ya patasi akapanua tundu mdomoni, likawa pana nje na jembamba ndani, kama faneli fupi. Dakika kumi na tano, labda. Akachukua kipande cha mraba, akachonga pembe za mwisho mmoja kwa kisu mara nne, akakiingiza kwenye faneli ile, akakigonga kwa nyundo ya mti mara mbili. Tok, tok. Akasogeza senta ya nyuma ikakigusa tu.

"Washa."

Kilizunguka kama kimezaliwa humo. Zile pembe nne za mti zilikuwa zimeuma ndani ya kikombe, kwa kina cha vidole viwili. Hapakuwa na taya, pembe wala bolti ya kukuchubua, ila kibanzi laini cha mkora unachoweza kukiegemeza kiganja kikiwa kinazunguka. Na myumbo? Tundu limetobolewa na mashine ileile, likiwa limefungwa palepale, kwa hiyo katikati yake ndiyo katikati ya mhimili. Wenye viwanda hulipa pesa nyingi kupata usahihi huo.

Mzee anakiita kikombe. Gharama yake ni skrubu nne, na hizo unazirudisha.

Nikirudi nyuma kidogo kwenye huo myumbo, maana ndio uliokuwa ukinifanya nipekue bei usiku. Wauzaji wa chaki wanashindana kwa sehemu za milimita. Lakini fikiri: kama kijiti kinakerezwa mwanzo hadi mwisho bila kutolewa kwenye mshiko, hata chaki ikiwa imepinda, patasi inakata duara linalofuata mhimili, si chaki. Kitakachotoka ni duara kamili. Myumbo wa chaki unaingia kwenye kazi pale tu unapokitoa na kukirudisha, au unapokigeuza ukishike kwa ncha iliyokwisha kukerezwa. Kijiti cha asali hakihitaji kugeuzwa. Ukipanga vizuri, kila kitu kinafanyika kwa mshiko mmoja, kisha unakikata kikadondokea kiganjani. Kwa kazi hii, nilikuwa nataka kununua usahihi ambao singeutumia.

Ambacho nilihitaji zaidi ni mpangilio. Zamani nilianza na kichwa kwa sababu ndicho kizuri, na nilikiweka upande wa senta ya nyuma nikione vizuri. Kinyume kabisa. Kichwa kinene kikae upande wa ukuta, mpini uelekee nyuma. Unaanza kwenye ncha ya mpini, kule mbali, unaipunguza sentimita tatu nne hadi kipimo cha mwisho wakati nyuma yake mti bado ni mnene na mgumu. Unaipiga msasa palepale, unasogea. Sentimita nyingine tatu. Hurudi nyuma. Ulichokiacha nyuma ni chembamba tayari, ukikigusa tena kwa patasi kitaimba. Mifereji ya kichwa inakuja mwisho, karibu na mshiko, mahali ambapo hakuna kinachotikisika.

Kwa kikombe cha mzee nilitoa vijiti kumi na viwili siku ya kwanza, ishirini na saba ya pili. Hapo ndipo mtu angetegemea niseme nimeacha mambo ya kununua. Sikuacha.

Tatizo la kikombe ni nyundo. Kila kijiti lazima kichongwe mwisho wake, kigongwe, kisha kisiki chake king'olewe kwa kupitisha nondo nyuma ya mhimili. Kwa kumi ni raha. Kwa mia mbili, mkono unauma na tundu linachakaa, unalipanua tena, kikombe kinakuwa kifupi, unachonga kingine. Na vijana wangu hawana mkono wa mzee. Wao wakigonga, kipande kinaingia kimeinama, na kikiinama ndani ya ukuta, ukuta unakilazimisha kibaki kimeinama. Hapo ndipo senta mbili zinapokuwa na haki yake: hazilazimishi kitu. Mshiko wowote wa kufumbata unafumbata na kosa pia.

Nikaagiza koleti. Ni kichwa cha chuma chenye tundu la mteremko, ndani yake linaingia bomba fupi la chuma lililopasuliwa mipasuko mingi ya urefu, na juu kuna nati kubwa. Ukikaza nati, bomba linasukumwa kwenye mteremko na kujifunga pande zote kwa pamoja. Linaushika mti kwa mzunguko mzima, bila kovu. Mfumo nilioununua ni ER32, wa ukoo ulioanzishwa na kampuni ya Uswisi, Rego-Fix. Seti yangu inatoka milimita 3 hadi 20, na kila koleti inafunga takriban milimita moja chini ya kipimo chake. Nati yake ni laini, kwa hiyo vifundo vyangu viko salama. Safari hii nilichagua kichwa kinachofungwa kwa nyuzi kwenye mhimili, inchi moja, nyuzi 8, niliandika kwa herufi kubwa, badala ya kile chenye shina la tepa. Sababu ni tundu. Kile cha tepa kinahitaji bolti ya kuvuta, na bolti inaziba tundu la mhimili. Hiki cha nyuzi kinaliacha wazi.

Koleti ina masharti yake, na mengine niliyajua kwa gharama. Lazima uiingize kwanza ndani ya nati, uiinamishe mpaka isikike ikinasa, ndipo nati na koleti viingie kwenye kichwa vikiwa pamoja. Kijana wangu alitanguliza koleti kichwani akafunga nati juu yake. Ilikaa upande, ikauma, na kuitoa ikawa kazi ya asubuhi nzima. Sharti lingine: ujaze koleti. Ina urefu wa sentimita nne, na ukiingiza kisiki, yaani ile ncha ya kushikwa, cha sentimita moja tu, mdomo unafunga na nyuma inabaki wazi, kwa hiyo mshiko ni wa mdomo tu. Ukuta wa karatasi. Mimi nakata kisiki cha milimita 16 kwa 35, kati ya senta mbili, vijiti ishirini kwa mkupuo mmoja. Ndiyo, kazi imeongezeka hatua moja, kwa sababu koleti haitaki mraba kabisa. Na visiki hivyo vitumike siku hiyohiyo, au mti uwe umekauka kwelikweli. Mti mbichi ukilala usiku mmoja wa Agosti hapa Tabora unasinyaa zaidi upande mmoja kuliko mwingine, duara linaamka yai.

Mti, basi. Nilianza na mninga kwa sababu ndio heshima ya huku, na kwa kiti sitaki mwingine. Lakini nyuzi za mninga mara nyingi zinapishana, na kwenye milimita 8 nyuzi zikikatiza mpini unavunjika hapohapo hata ukishikwa na malaika. Sasa natumia mpera na mchungwa, matawi manene yanayopogolewa uani kwa watu, nayapasua kwa shoka yafuate nyuzi zake badala ya kuyapitisha msumeno. Bei yake ni kuombwa kurekebisha mlango wa jikoni wa mwenye mti.

Lile tundu wazi la mhimili nalo karibu linifanyie jambo. Nilikuwa na ufito mrefu wa milimita 9, nikasema kwa nini nikate vipande wakati naweza kuupitisha wote kwa nyuma na kuuvuta kidogokidogo kadiri ninavyokata? Nikaupitisha. Nyuma ya mashine ukatokeza kama sentimita 50, haujashikwa na kitu. Nikawasha kwa kasi ileile ya 2,000. Ulikaa sawa kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha ile sehemu ya nyuma ikajikunja pembe mraba na kuanza kuchapa bati la ukuta, mara nyingi kuliko masikio yanavyoweza kuhesabu, hadi ikakatika. Bati lina kovu mpaka leo, kwenye kimo cha kichwa cha kijana wangu mdogo, ambaye kwa bahati alikuwa ametumwa vocha. Sasa kinachotokeza nyuma hakizidi kidole, au kinapita ndani ya bomba lililofungwa kwenye mguu wa mashine.

Ile chaki kubwa ya mataya manne haikukaa bure. Mjomba wangu alitaka kitanda cha mtoto, nguzo nyembamba ishirini na mbili, kila moja sentimita 58 kwa milimita 16. Huko mambo yanabadilika: urefu unazidi unene mara thelathini na sita, na hakuna mshiko wa upande mmoja, uwe wa dhahabu, utakaozuia katikati kucheza. Nilizishika kwa mataya yale madogo, zikiwa mraba hivyohivyo zilivyotoka kwenye msumeno, nikapunguza kasi hadi kama 1,200, na katikati nikasimamisha kishikizo cha plaiwudi chenye magurudumu matatu niliyong'oa kwenye begi la safari lililokufa. Magurudumu ya begi yana mpira mzuri. Pembeni mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, akaniuliza koleti ni bei gani. Nilipomtajia, alicheka mpaka akakohoa, akaniomba maji.

Mia mbili za mama zilitimia wiki ya tisa badala ya Jumamosi ile niliyoahidi. Robo hivi ni za kikombe, zilizobaki za koleti, na mimi mwenyewe nikizichanganya siwezi kuzitofautisha. Alifungua chupa palepale kwenye benchi, akachovya, akazungusha, akainua. Asali ya miyombo, nyekundu, ikakaa kwenye mifereji bila kudondoka. Akaacha kuzungusha, ikashuka. Akalamba kidole.

"Nzuri, fundi. Ila huu mpini," akaupitisha kati ya vidole viwili, "hauwezi kuwa mwembamba zaidi kidogo? Kama wa sita hivi?"

Koleti ya milimita 6 ilikuwa bado kwenye nailoni yake, haijafunguliwa.